Terminali Imeshikwa na Wera Moja? Hivi Ndivyo Unaipeleka Nyuma Bila Kuiua

Cheki hii. Umepiga video ya ruracio Jumamosi, mteja anaitaka kesho asubuhi, na ile doo ya kwanza alikutumia ulishaimanga kitambo. Faili ni kubwa kama nini. Unafungua terminali, unaiambia ffmpeg ikugeuzie iwe mp4, unabonyeza Enter. Maandishi yanaanza kuteremka kwa skrini na terminali ndio hiyo imeshikwa. Ukiandika kitu haikusikii, na itakaa hivyo saa mbili.

Hapa wasee hugawanyika mara tatu. Kuna wale hukaa wakiitazama kama mechi. Kuna wale hufungua dirisha lingine, halafu lingine, mpaka hawajui gani ni gani. Na kuna wale hubonyeza X kufunga dirisha wakidhani kazi itaendelea chini ya maji. Hao wa mwisho ndio hulia, ju ukifunga lile dirisha, kazi nayo inadedi.

Na hakuna haja ya hiyo presha yote. Terminali yako inajua kushika kazi nyingi kwa wakati mmoja, na ilijua hivyo kabla uzaliwe. Amri zenyewe ni chache, unaeza zishika leo jioni.

Sheli, lakini si ile ya mafuta

Sheli tunayobonga hapa si pale mat hujaza tangi. Ni ile programu iko ndani ya terminali: inangoja uandike amri, inaisoma, inaitekeleza, halafu inakurudishia alama ya $ kukuonyesha iko tayari kwa ingine. Kwa Linux, mara nyingi sheli hiyo ni bash, ambayo Brian Fox aliitoa mwaka wa 1989. Kwa Mac, tangu 2019, inayokuja nayo ni zsh. Ukiwa Windows, WSL inakuwekea Linux ndani. Na kama hauna laptopu usijione umeachwa, app ya Termux kwa simu ya Android inakupa bash mkononi. Amri nyingi za hapa zinafanya kwa zote, ingawa maneno ya kwa skrini yanaeza tofautiana kidogo.

Kila programu ukianzisha inakuwa prosesi, na mashine inaipatia namba yake inayoitwa PID. Ichukue kama namba ya kitambulisho: hakuna prosesi mbili zilizo hai zenye namba moja.

Sasa, kwa terminali moja kibodi ni moja. Ni kazi moja tu inaeza kuishika kwa wakati mmoja. Hiyo tuiite kazi ya mbele. Zingine zote ni kazi za nyuma: zinaendelea kupiga wera kama kawaida, lakini hazina ruhusa ya kusikiliza kibodi.

Mathe wa kibanda anaelewa hii kitu kuliko wengi wetu. Chapo ziko mbele yake, ju akitoa macho zinaungua. Madondo yako kwa jiko la nyuma, yanachemka yenyewe. Hajaacha kuyapika, ni vile tu hajayasimamia. Na akitaka, anatoa sufuria motoni, anaiweka chini, halafu anairudisha baadaye. Kazi ya kompyuta pia iko na hizo hali tatu: iko mbele, iko nyuma, ama imetolewa motoni.

Fanya mazoezi na kitu haina hasara

Usianze na video ya mteja. Anza na sleep, amri ambayo kazi yake ni kulala tu. Andika:

`sleep 600`

Itashika terminali dakika kumi. Sasa bonyeza Ctrl+Z. Utaona kitu kama hii:

`[1]+  Stopped                 sleep 600`

Hapo umetoa sufuria motoni. Kazi haijafa na pia haiendelei. Imegandishwa pale ilipofika, na alama ya $ imerudi, kumaanisha kibodi ni yako tena.

Ukitaka iendelee ikiwa nyuma, andika:

`bg`

Sufuria imerudi motoni, kwa jiko la nyuma. Ukitaka kujua una kazi ngapi, andika:

`jobs`

Itakupa orodha: namba ya kazi, hali yake kama ni Running ama Stopped, na amri yenyewe. Ukiandika `jobs -l` inaongeza PID. Na ukitaka kuirudisha mbele, andika:

`fg`

Ukiwa na kazi kadhaa, unazitaja kwa asilimia na namba: `fg %2` inaleta ya pili mbele, `bg %3` inaendeleza ya tatu nyuma. Ile yenye alama ya + kwa orodha ndio fg na bg zitachukua kama haujataja namba. Yenye alama ya - ndio inafuata kwa laini.

Kama unajua mapema kwamba kazi itachukua muda, usingoje kuigandisha. Iambie iende nyuma tangu mwanzo kwa kuweka alama ya & mwisho wa amri:

`sleep 600 &`

Sheli itakujibu na namba mbili, mfano `[1] 4312`. Ya kwanza ni namba ya kazi ndani ya sheli yako, ya pili ni PID ambayo mashine yote inaitambua. Usizichanganye. Kazi namba 1 ni `%1`. Ukisahau hiyo alama ya asilimia ukitumia kill, utakuwa unaongea na prosesi yenye PID 1, na hiyo ndio baba ya zote kwa mashine.

Hii kitu ilitoka wapi?

Alama ya & ni ya zamani, ilikuwa kwa Unix tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Lakini siku hizo, ukisahau kuiweka ulikuwa umekwama: ungoje ama uue. Hakukuwa na njia ya kubadilisha mawazo katikati.

Aliyefungua hiyo mlango anaitwa Jim Kulp, aliyekuwa akifanya kazi kwa taasisi ya utafiti ya IIASA pale Laxenburg, Austria. Wazo lake liliingia kwa C shell, sheli ya Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na likasambaa na 4BSD mwaka wa 1980. Sheli zilizofuata zikalichukua. Ile Ctrl+Z unabonyeza kejani leo ina zaidi ya miaka 40.

Turudi kwa ruracio: mtego wa kwanza ni kibodi

Sasa uko na ujuzi, unaandika kwa ujasiri:

`ffmpeg -i ruracio.mov ruracio.mp4 &`

Unaenda kumanga, unarudi baada ya saa moja, unaandika jobs. Inakuambia Stopped. Kazi ilisimama pale pale mwanzo na wewe ulikuwa unapiga stori.

Sababu iko hivi. ffmpeg hupenda kusikiliza kibodi ikiwa inafanya kazi, ju ukibonyeza q inatakiwa isimame. Lakini tumesema kazi ya nyuma haina ruhusa ya kugusa kibodi. Ikijaribu, mfumo unaigandisha hapo hapo. Madondo hayafai kumwitia mathe chumvi kila dakika. Kama yanahitaji kuongea na yeye, si ya jiko la nyuma.

Dawa ni kuiambia ffmpeg isijishughulishe na kibodi:

`ffmpeg -nostdin -i ruracio.mov ruracio.mp4 &`

Kumbuka tu, kama ruracio.mp4 iko tayari kwa folda, ffmpeg haitaeza kukuuliza kama iandike juu yake. Itakataa na itoke. Badilisha jina la faili mpya, ama uongeze `-y` kama una uhakika ile ya zamani haina maana.

Hii kanuni si ya ffmpeg pekee. Programu yoyote inayokuuliza ndio ama la, ama inayotaka pasiwodi, itasimama ukiipeleka nyuma kabla umeijibu. Ijibu kwanza ikiwa mbele, halafu Ctrl+Z, halafu bg.

Mtego wa pili ni skrini

Kazi ya nyuma haisikii kibodi, lakini mdomo iko nao. Itaendelea kumwaga maandishi kwa skrini ile ile unatumia, mpaka amri unayoandika inachanganyika na kelele zake. Hakuna kilichoharibika, ila macho yatauma.

Elekeza maneno yake yote kwa faili:

`ffmpeg -nostdin -i ruracio.mov ruracio.mp4 > kazi.log 2>&1 &`

Alama ya > inachukua maneno ya kawaida na kuyaweka kwa kazi.log. Ile `2>&1` inachukua mlango wa pili, ambapo programu hutolea malalamiko na habari za maendeleo, na kuuelekeza pale pale. Usiiache, ju ffmpeg hupitishia karibu maneno yake yote kwa huo mlango wa pili.

Ukitaka kuchungulia imefika wapi, andika `tail -f kazi.log`. Ukitosheka, bonyeza Ctrl+C. Hiyo inaua tail peke yake, ju tail ndio ilikuwa mbele. ffmpeg kule nyuma haijaguswa.

Mtego wa tatu ndio hukula doo: laini ikikatika

Wasee wengi wanaofanya wera za mtandaoni hawatumii laptopu yao kwa kazi nzito. Wanalipia seva ya mbali, wanaingia kwa ssh, wanaiacha ifanye. Halafu bando inaisha katikati, ama Wi-Fi ya ploti inaenda.

Zamani kompyuta ziliunganishwa kwa laini ya simu. Simu ikikatwa, mfumo ulituma ishara inayoitwa SIGHUP, maana yake mtu ameshuka kwa laini. Hiyo ishara iko mpaka leo. Seva ikishagundua umepotea, bash yako kule inapata SIGHUP, na kabla haijaaga inaipitisha kwa kazi zake zote, za mbele na za nyuma. Programu ikipata SIGHUP na haijaambiwa la kufanya, inakufa. Ukibonyeza X kufunga dirisha la terminali kwa laptopu yako mwenyewe, ni hiyo hiyo stori.

Kwa hivyo alama ya & peke yake haikulindi. Imeipeleka kazi nyuma, lakini bado ni mtoto wa hiyo sheli. Kinga ya haraka ni nohup:

`nohup ffmpeg -nostdin -i ruracio.mov ruracio.mp4 > kazi.log 2>&1 &`

nohup inaiambia programu ipuuze SIGHUP. Ukiisahau ile sehemu ya kuelekeza maneno, nohup yenyewe itayaweka kwa faili inaitwa nohup.out.

Na kama ulishaanza bila nohup, na battery ya simu inayokupa intaneti iko asilimia tatu? Bonyeza Ctrl+Z, andika `bg`, halafu:

`disown -h %1`

Hapo bash inaweka alama kwamba hiyo kazi isipelekewe SIGHUP. Ila kuna onyo: kama hiyo kazi ilikuwa inaandika kwa skrini, na skrini imepotea, inaeza kuanguka ikijaribu kuongea. disown ni ya kuokoa jahazi. Mpango unafaa kuwa wa mapema.

Kama laini ya kwako hukatika kila siku, tumia tmux

nohup inaokoa kazi lakini haikurudishi ndani yake. Ukitaka kutoka na kurudi ukute kila kitu pale ulipoacha, weka tmux, ambayo imekuwepo tangu 2007. Ukiingia kwa seva, andika:

`tmux new -s ruracio`

Unapata terminali ndani ya terminali. Anzisha kazi yako hapo, hata ikiwa mbele, bila nohup na bila &. Ukitaka kuhepa, bonyeza Ctrl+b, achilia, halafu bonyeza d. Kazi inabaki ikiendelea kwa seva. Laini ikikatika bila wewe kupenda, pia inabaki, ju mwenye kuishikilia ni tmux na haishuki na wewe. Kesho ukirudi:

`tmux attach -t ruracio`

Tuelewane lakini. Hizi zote zinakulinda kazi ikiwa kwa seva iliyo mbali. Kazi ikiwa kwa kompyuta ya mezani hapo kejani na stima ipotee, hakuna nohup wala tmux itaiokoa. Ukifunika laptopu ikalala, kazi nayo inalala mpaka uifunue.

Kwa wale wa Termux, simu yenyewe inaeza kulala ukiifunga skrini. Andika `termux-wake-lock` kabla ya kazi ndefu. Na jua kwamba tangu Android 12, mfumo unaeza kuua prosesi za nyuma za app zikizidi 32 kwa simu nzima. Ukiona Termux imefunga na maneno ya signal 9, usilaumu bash.

Kuua kazi, na kwa nini usikimbilie -9

Kazi ikiwa mbele, Ctrl+C inaiambia iache. Ikiwa nyuma, tumia:

`kill %1`

Jina ni kali lakini kwa kawaida kill huwa mpole. Inatuma ishara ya SIGTERM, namba 15, ambayo ni ombi: maliza unachofanya, panga vitu, toka. ffmpeg ikipata hiyo ama Ctrl+C, inafunga faili vizuri kabla ya kutoka. Kama ilikuwa imefika nusu, utakuwa na nusu ya video inayocheza.

Sasa kuna wale wasee, kila kitu kwao ni `kill -9`. Hiyo ni SIGKILL. Programu haipati nafasi ya kusikia chochote, mfumo unaikata tu. Kwa mp4 hiyo ni noma, ju ffmpeg kwa kawaida huandika kile kielelezo cha faili, kinachoitwa moov, mwisho kabisa. Ukiikata na -9 unabaki na faili la gigabaiti kadhaa ambalo halifunguki, na ukijaribu unaambiwa moov haijaonekana. Saa mbili zimeenda na hauna hata dakika moja ya kumwonyesha mteja.

Anza na kill ya kawaida. Ngoja sekunde kadhaa. Ikikataa kabisa ndio utoe -9.

Vitu wasee huchanganya kila siku

Ctrl+Z haifungi programu. Wengi wanaitumia wakidhani wametoka, kumbe kuna sufuria kumi zimepangwa chini, kila moja imekalia RAM. Kwa Vim ndio mbaya zaidi: unabonyeza Ctrl+Z, unafikiri umetoka, unafungua faili lile lile tena, na Vim inakupigia kelele kwamba imepata faili la swap. Usifute kitu. Toka hapo kwanza, andika jobs. Vim yako ya kwanza iko hapo imegandishwa. Andika fg, usevu, utoke vizuri.

Ukiandika exit na bash ikatae, ikisema There are stopped jobs, inakuonya kuna kazi umezigandisha na kuzisahau. Ukiandika exit mara ya pili itakuachilia uende, na hizo kazi zitakufa. Angalia jobs kabla ya kurudia.

Na ukifungua dirisha jipya uandike jobs, ipate tupu, usishtuke. Kila sheli inajua watoto wake pekee. Ukitaka kutafuta kazi ya dirisha lingine, tumia `pgrep -a ffmpeg`, upate PID yake. Ukitaka kuizima, ni `kill` na hiyo PID, bila asilimia.

Sasa utatumia gani lini?

Kazi fupi ukiwa kwa mashine yako: & inatosha. Umesahau kuiweka: Ctrl+Z, halafu bg. Kazi ndefu kwa seva na hautaki stori nyingi: nohup pamoja na faili la log. Kazi ya siku nzima na laini yako ni ya kubahatisha: tmux kabla ya kitu kingine chochote. Na kabla ya kufunga dirisha lolote, andika jobs, ni herufi nne tu.

Leo jioni anzisha sleep tatu na &, ziite mbele moja moja, zigandishe, ziue. Hazina mteja na hazina deni. Ukishazizoea, hiyo ya mteja utaiendesha bila kutoa jasho.